Kiungo cha Kisima cha Kumi na Saba

Kambini, tarehe 3 Februari

Kiroboto, mdogo wangu,

Usishtuke kuona mwandiko mzuri. Si wangu. Nimejikata kidole na kisu cha kuchunia waya, si jambo kubwa, ila kalamu haikai mkononi. Anayeandika ni Mwalimu, yule ninayelala naye chumba kimoja, niliyekwambia anakoroma kama jenereta lililoishiwa oili. (Hilo la jenereta nimeliandika kwa sababu nimeamriwa niandike kila neno. Mwalimu.)

Barua hii utaikuta kwenye mfuko wa boliti ndani ya kreti, kama kawaida. Simu ya kambi bado iko mezani kwa msimamizi, na ukipiga yeye hatoki, anajifanya anatafuta karatasi.

Kreti yenyewe ni ya kisima cha kumi na saba. Pampu ile tuliishusha Desemba, imekufa siku ya arobaini na moja. Wewe unajua kwamba pampu ya namna hii ikishushwa vizuri inakaa huko chini miaka miwili, mitatu, inasukuma mafuta bila kudai kitu isipokuwa umeme. Siku arobaini na moja ni aibu. Nadhani ni kebo. Kebo ile ni ya zamani, imeshapanda na kushuka visima vitatu. Ukiifungua pampu huko karakana, itazame kebo vizuri.

Jana Mwalimu aliniuliza awaelezeje binti zake kazi tunayofanya huku. Nikamwambia waandikie hivi: mafuta ya kisima kizee hayapandi tena yenyewe. Kwa hiyo mwisho kabisa wa mabomba, zaidi ya mia mbili yaliyoungwa moja baada ya jingine, tunatia mota na pampu, vyembamba kama nguzo, na waya wa umeme tunaufunga ubavuni mwa mabomba kutoka juu mpaka kule. Mota ina kipande chake kifupi cha waya. Mahali kipande hicho kinapokutana na kebo ndefu ndipo anapokaa baba yenu mdogo, Fundi Viungo, na utepe wake. Kiungo hicho kikivuja, vyote vilivyo chini vimekufa, na inabidi kung'oa mabomba yote upya. Mpishi mpya aliposikia naitwa Fundi Viungo alikuja kuniuliza bizari nimeiweka wapi.

Mpe salamu wifi yako. Mwambie nitamwandikia kidole kikipona. Mambo ya mke hayaandikwi na mkono wa mwanamume mwingine.

Kaka yako

*

(Karatasi ndogo, imekunjwa mara nne, ndani ya bahasha ileile)

Dada,

Kaka yako hajui kwamba karatasi hii ipo. Kidole chake hakina jeraha lolote. Ni mkono mzima wa kulia unaotetemeka, na sasa ni mwezi wa sita au wa saba. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Tukiwa mezani na wenzetu anaukalia. Asubuhi mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya ovaroli, na sote wawili tunalaumu vifungo. Daktari anapita hapa mara moja kwa mwezi, na siku hiyo kaka yako huomba kazi ya mbali.

Kiungo cha kisima cha kumi na saba alikifunga yeye, mimi nikimshikia taa. Kazi ya saa moja na nusu ilimchukua saa nne. Wewe ndiye utakayekifungua. Sikuombi chochote. Nimeona tu ni vibaya ukifungue bila kujua.

Mwalimu

*

Karakana, tarehe 11 Februari

Kaka yangu,

Pole na kidole. Mwambie Mwalimu mwandiko wake unanikumbusha darasa la nne, nimejikuta nakaa wima.

Pampu yako imefika salama na matope yake yote. Tumeiosha kwa dizeli siku mbili. Mkuu wa karakana alisimama hapa na miwani yake juu ya paji la uso, akiitafuta miwani, halafu akaniachia meza ya tatu peke yangu. Nimeifungua kipande kwa kipande. Pampu ni nzima. Mota ni nzima mpaka ilipoungua. Umesema kweli, kaka, ni kebo. Imechoka. Nimeandika hivyo kwenye ripoti, nikaweka na picha, na nimependekeza mletewe kebo mpya. Nakala yako hiyo hapo, mkuu ameshaweka sahihi.

Nyumbani wote hawajambo. Mwanao wa mwisho ameng'oka jino la mbele na sasa hasemi, anapuliza. Wifi ana neno moja nami sitalificha: barua zako kwake zimekoma tangu Novemba, na anaona mimi napata. Anadhani umepata mtu huko. Nimemwambia huko kuna wanaume sitini na mbuzi mmoja. Hakucheka.

Kaka, ulikuwa na likizo mwaka jana hukuichukua. Chukua sasa. Kabla hamjashusha pampu nyingine, njoo upumzike kidogo. Miaka ishirini na mbili ya kuinama juu ya waya ni mingi. Mwingine anaweza kufunga kiungo kimoja.

Mdogo wako, Kiroboto

*

Karakana, tarehe 11 Februari

Mwalimu,

Nakutumia hii peke yake, ndani ya kifurushi kilichoandikwa "betri za miwani ya kusomea", utani wa mtu wetu wa stoo. Hakuna betri, usitafute.

Nashukuru kwa karatasi yako. Ulichosema nimekiona kwa macho yangu. Kaka ndiye aliyenifundisha kufunga utepe, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye meza ya jikoni. Alikuwa akisema kila mzunguko ulalie nusu ya mwenzake, na uvute kama unamvalisha mtoto soksi, usimuumize wala usimwachie ikunjike. Nikafungua kiungo cha kumi na saba na kukuta mizunguko imelala sawa kwa upana wa vidole viwili, kisha imeachana, kisha imerundikana, kama maandishi ya mtu aliye ndani ya gari linalorukaruka. Mafuta yalipita hapohapo. Kebo haina hatia yoyote.

Niliandika kebo. Sikuweza kuandika kingine. Wakijua ni kiungo watamrudisha siku hiyohiyo, na mtu yule kazi hii ndiyo mifupa yake. Baba alipofariki mimi nilikuwa na miaka saba. Aliyenilea ni yeye na mkono huohuo.

Nakuomba jambo moja. Asikifunge yeye kingine. Kifunge wewe, yeye asimame akuelekeze. Mpe sababu yoyote. Nitamleta nyumbani kwa ujanja mwingine.

Dada wa Fundi Viungo

*

Kambini, tarehe 20 Februari

Dada,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nikuandikie kwamba nimefanya ulichoniomba. Sikufanya.

Ripoti yako ilifika kabla ya kebo mpya. Kaka yako aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi, kisha akaibandika ukutani juu ya kitanda chake kwa utepe wa kazini. Tangu siku hiyo amekuwa mtu mwingine. Anapiga mluzi. Anakula mezani mkono wa kulia ukiwa juu ya meza, na ukitetemeka anausema yeye mwenyewe, kwamba ni baridi, au ni uzee unabisha hodi mapema.

Siku ya kushusha pampu nilimwambia, "Fundi, leo niachie mimi, nijifunze, wewe unisimamie." Akanitazama kwa upole. Akasema, "Mwalimu, mwezi uliopita ningekubali. Nilikuwa nimeshaanza kuuogopa mkono wangu. Lakini umesoma ripoti. Dada yangu haandiki kitu asichokiona."

Ningemjibu nini? Kwamba dada yako ameongopa? Kwamba mimi najua, na najua kwa sababu nilimwandikia kwa siri? Nilifikiri juu ya hilo wakati anajifuta mikono kwa spiriti, na nilipomaliza kufikiri alikuwa ameshaanza. Nikamshikia taa. Mara mbili nilitaka kuweka mkono wangu juu ya wake. Kiungo kilipokwisha walikipima kwa mita kikapita, pampu ikashuka, umeme ukawashwa, na mafuta yakatoka. Wote walipiga makofi na yeye akainama kama mwigizaji.

Huenda kikadumu. Nilifundisha hesabu miaka kumi na minne kabla ya shule yetu kufungwa, na sipendi neno huenda, lakini ndilo nililonalo. Binti zangu watatu wananiuliza kwenye barua kama kisima kina mwisho. Mkubwa anataka nimletee mchanga wa chini kabisa.

Mwalimu

*

Kambini, tarehe 22 Februari

Kiroboto,

Huu ni mwandiko wangu. Unaruka kidogo lakini unasomeka. Nimeandika pia ukurasa mmoja kwa wifi yako, umo humu, mpe ukiwa umefungwa usichungulie.

Kisima cha kumi na saba kinatoa mafuta mengi kuliko mwaka jana. Kiungo nilikifunga mwenyewe. Sitakuficha, kabla ya ripoti yako nilikuwa na hofu fulani sikutaka kuisema hata kwa Mwalimu. Mtu wa kazi ya mikono akianza kuishuku mikono yake, hana pa kwenda. Wewe umenirudishia usingizi.

Likizo nitachukua mwezi wa sita.

Kaka yako

*

Karakana, tarehe 2 Machi

Kaka,

Nimefurahi kusikia kisima kinatoa. Wifi amesoma ukurasa wake jikoni, akauweka ndani ya gauni, akaendelea kumenya vitunguu. Nadhani umesamehewa.

Mwezi wa sita ni mbali. Njoo Aprili. Kuna jambo nataka tuongee, si la barua. Si ugonjwa, si msiba, usiwaze vibaya. Ni langu mimi, la kazini. Nikikuona nitakwambia.

Nimekaa na kalamu hapa muda mrefu na sijaongeza kitu. Lori linaondoka saa nane.

Mdogo wako

*

Ofisi ya Msimamizi, Kambini, tarehe 15 Machi

Kwa Mkuu wa Karakana,

Tunawaletea pampu, mota na kebo ya kisima cha kumi na saba kwa uchunguzi wa haraka. Kifaa kilifanya kazi siku kumi na tisa tu tangu kishushwe. Mtakumbuka kwamba safari hii, kwa kufuata ripoti yenu ya Februari, kebo yote ilikuwa mpya.

Nasikitika kuwaarifu kwamba wakati wa kuyang'oa mabomba, tarehe 13, bomba moja lilichomoka kwenye kibanio cha mtambo na kumwangukia mfanyakazi aliyekuwa mdomoni mwa kisima akikata mikanda ya kebo. Alifariki kabla ya gari la wagonjwa kufika. Wenzake walimwita Mwalimu. Kazi imesimamishwa kwa siku tatu.

Tunaomba majibu kamili ya chanzo cha kuharibika.

Msimamizi

*

Karakana, tarehe 19 Machi

Kaka,

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma za karakana, ni mchana, wenzangu wamekwenda kula. Kreti yako ilifika bila barua. Nilipapasa mfuko wa boliti mpaka chini.

Nitakwambia kama nilivyomwambia mkuu jana. Safari hii hakuniachia meza. Alisimama karibu yangu, miwani machoni, nami nikakichana kiungo kwa wembe tabaka kwa tabaka. Tulipofika katikati kulikuwa na upenyo wa kupitisha njiti ya kiberiti, na weusi wake. Mkuu akasema maneno mawili, "Kebo mpya." Basi. Akaenda kuleta faili la Februari, akatandaza picha zangu mezani. Nilikuwa nimepiga kebo tu. Akaniuliza, "Picha ya kiungo cha kwanza iko wapi?"

Nikafungua droo yangu. Kilikuwemo, nimekifunga kwenye kitambaa cha kufutia. Sikuwahi kuweza kukitupa, wala sijui nilikuwa nakiweka kwa ajili gani. Nikakilaza kando ya cha pili. Vinafanana, kaka, hata mtu asiyejua kazi hii angeona vinafanana.

Ripoti ya Februari niliandika uongo. Kebo ilikuwa nzima. Ulikuwa mkono wako, na nilijua, kwa kuwa Mwalimu aliniandikia kwa siri, ndani ya bahasha ya barua yako mwenyewe. Nilidhani nakukinga. Nilidhani ningekuwa na muda. Ningeandika nilichokiona, wangekurudisha nyumbani ukiwa umevunjika moyo, ungeninunia mwaka mzima, na kiungo kile kingefungwa na mtu mwingine, na tarehe 13 kisingekuwapo kitu cha kung'oa. Nimeipita njia hiyo kichwani kila saa tangu jana na kila mara inafika palepale.

Nimeandika ripoti mpya, zote mbili, nimeweka sahihi. Uniandikie hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako

*

Kambini, tarehe 27 Machi

Kiroboto,

Naandika kwa mkono wangu, maana wa kuniandikia hayupo. Imenichukua siku mbili, usome polepole.

Sikutukani. Wala usijibebeshe mzigo wote, kuna upande wangu hujauona. Nilijua.

Nani alikufundisha dalili za kebo iliyochoka? Ganda lake hupasuka kwa urefu, kila mahali, kama midomo wakati wa kipupwe. Haiungui sehemu moja na kubaki laini kwingine. Ripoti yako ilisema imechoka, na picha zako zilionyesha ganda zima kabisa. Fundi wa mwaka wa kwanza angeona. Mimi niliona nikiwa bado nimesimama. Nilielewa pia kwa nini umefanya, na badala ya kukuonea huruma, nikakutumia. Nikaibandika ukutani nisije nikasahau kuiamini. Watu walikuja kuisoma. Kila mtu alipoisoma, nami niliiamini zaidi.

Wameniambia nisaidie kufungasha vitu vya Mwalimu kwa kuwa mimi ndiye wa chumbani. Ndani ya kitabu cha hesabu nimekuta barua yako kwake, ile isiyo na betri. Nimeisoma nikakaa chini. Kisha chini ya mashati nimekuta mfuko wa kitambaa. Una vipande kumi na kimoja vya waya wa kutupwa, vyote vimefungwa utepe. Alikuwa anajifunza, Kiroboto. Nadhani nilipokuwa kuoga, au siku zangu za mapumziko, sijui. Kila kipande amekiandikia namba. Cha kwanza ni cha kuchekesha, kama kidole cha mtoto kilichofungwa bandeji na mtoto mwenzake. Cha tano kina sura. Cha kumi na moja nilikipeleka kwenye mita. Kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichofunga mwaka huu.

Alisimama pale akinishikia taa, na alikuwa tayari anajua kufunga.

Nimekwenda kwa daktari mwenyewe. Amenitaka nitembee, nigeuke, nigonganishe vidole. Amesema ni ugonjwa wa neva, una jina, haurudi nyuma, lakini una dawa za kuupunguza mwendo. Nimekwenda pia kwa msimamizi nikamweleza yote tangu mwaka jana. Hakufoka. Ningependa angefoka. Naondoka kambini tarehe 6.

Sitakuja moja kwa moja. Begi la Mwalimu lilitakiwa litumwe kwa lori, nimeomba nilipeleke mimi kwa mkewe. Nitamwambia.

Kaka yako

*

Karakana, tarehe 2 Aprili

Kaka,

Nimetuma hii kwa dereva wa mafuta, nimemsihi akupe mkononi kabla hujaondoka.

Kuhusu mimi: nimetolewa meza ya tatu. Niko stoo, nagawa glovu na kuandika nani amechukua sabuni. Sitaweka sahihi kwenye ripoti tena. Mkuu alinieleza bila kunitazama, kisha akasema nilikuwa na jicho zuri kuliko wote aliowahi kufundisha, na hilo liliniumiza zaidi.

Wifi nimemwambia kila kitu, nilimkuta anaanika nguo. Alikaa kwenye beseni lililopinduliwa. Akasema, "Mimi nilikuwa naomba isiwe mwanamke. Afadhali ingekuwa mwanamke." Halafu akaniuliza kama vifungo vya mashati yako avibadilishe, aweke vya kubana. Amekuwekea miadi hospitali, Jumatatu ya tarehe 20.

Sasa nisikilize, hata kama sina haki ya kushauri mtu. Nenda kwa mke wa Mwalimu. Mwambie kuhusu mkono, mwambie kuhusu ripoti, nitaje kwa jina langu lote. Hiyo ni haki yake. Lakini ile saa ya mwisho usimwambie. Akikuuliza kama aliteseka, mwambie hapana. Ana watoto watatu wa kuamsha kila asubuhi. Kuna mambo mtu akiyajua hayamsaidii kitu, yanakaa naye tu. Najua unayemsikia akisema haya ni nani. Hata hivyo nasema.

Mdogo wako

*

Kituo cha mabasi, tarehe 12 Aprili

Kiroboto,

Basi langu limeharibika, wametuambia tusubiri mpaka saa kumi. Nimeazima meza ya muuza chai. Barua hii huenda ikatangulia au tukafika pamoja, lakini sitaweza kuyasema haya kwa mdomo, kwa hiyo uyasome, kisha tusiyazungumze mpaka nitakapoanza mimi.

Nyumba yao iko nyuma ya karakana ya mbao, ina mlango wa kijani. Mkewe ni mwembamba, mrefu kumzidi Mwalimu. Aliponiona na begi aliniita Fundi Viungo kabla sijajitambulisha. Amenijua kwa barua. Akaniketisha. Binti mdogo alinitazama mkono mpaka mamake akamwita.

Nilimweleza kama nilivyokusudia. Nilianza mwaka jana, na kikombe. Nikasema nilivyojificha, nikasema ripoti, nikakutaja kama ulivyotaka, nikasema na mimi kwamba niliiona ilivyo na nikaitumia. Nikatoa ule mfuko, nikampangia vipande kumi na kimoja juu ya meza kwa namba zake. Alivishika kimoja kimoja. Akasema, "Nyumbani alikuwa hawezi hata kubadilisha taa."

Kisha akauliza. Nilijua atauliza, na nilikuwa nimelala na shauri lako siku tano. Akasema, "Alipata maumivu?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Neno lilikuwa limeshafika. Ndipo nikatazama vile vipande nikaona kwamba nikisema, nitakuwa nambandikia karatasi ukutani. Nikamwambia ndiyo.

Nikamwambia ilikuwa karibu saa nzima. Bomba lilimpata kiunoni. Aliomba maji, na mtu wa huduma ya kwanza akakataa asipewe, kwa sababu ya majeraha ya ndani, naye akaomba tena, kwa adabu, kama anavyoomba mtu chumvi. Aliomba asogezwe kivulini, na kule hakuna kivuli, tukamshikia turubai watu wanne. Mimi nilishika pembe moja, na pembe yangu ilikuwa ikiruka, jua likawa linamwingia usoni na kutoka, linaingia na kutoka, mpaka nikampa mwingine nikakaa chini kando yake. Alinitazama mkono. Alisema majina ya binti zake kwa mpangilio, mkubwa mpaka mdogo, mara nyingi, kama anayeita mahudhurio. Mwishoni alikuwa anakosea mpangilio na hilo lilimsumbua. Nikamsaidia kuyapanga.

Mkewe alinyanyuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilimsikia. Sijawahi kusikia mtu akilia namna ile, na nilikaa pale nikijua ni mimi niliyekileta kilio hicho ndani ya nyumba ile pamoja na begi. Binti mkubwa alikuja na maji, akayaweka mbali nami kidogo. Akasema, "Baba mdogo, nadhani uende." Nikaenda.

Nilikuwa nimeshapita ile karakana ya mbao niliposikia nyayo. Ni mama yao, bila viatu, kitambaa kimeanguka mabegani. Nikasimama nikingoja chochote atakacho, hata kama ni kofi.

Akasema, "Wamekuja watu tisa kutoka huko kwenu. Wote wameniambia alikwenda kama aliyelala usingizi. Nikawa nalala na mtu nisiyemjua. Sasa nimemjua alivyokwenda." Akavuta pumzi. "Sikusamehi. Usije ukadhani nimekufuata kukusamehe. Lakini hayo majina, alikuwa anamkosea nani?"

Nikamwambia, wa kati. Alikuwa anamruka wa kati.

Akatikisa kichwa, akakubali, kama mtu aliyepokea kitu chake. Akasema, "Huyo ndiye mume wangu alikuwa hataki alale bila kumuaga. Nitamwambia baba yake alikuwa anamtafuta." Akageuka, akarudi kwa watoto wake.

Wamesema basi limepona. Jumatatu ya tarehe 20 nitakwenda hospitali, mwambie wifi yako. Aje na wewe uje.

Kaka yako